Nilihesabu "tuko pamoja" zangu zikafika 63

Naanza na aibu kabisa nisije nikaonekana najifanya mjuzi hapa. Nilirekodi kipindi changu mwenyewe, kidato cha pili mkondo C, dakika 40, simu nimeilaza ndani ya boksi tupu la chaki juu ya meza, halafu usiku watoto wangu walipolala nikavaa iafoni nikaanza kujisikiliza. Dakika ya tatu nilitaka kuzima. Dakika ya kumi nikachukua peni na bahasha ya zamani nikawa nachora vijiti, kila nikijisikia nasema "tuko pamoja?" nachora kijiti kimoja. Kipindi kinaisha vijiti 63. Sitanii jamani, 63 ndani ya dakika 40, yaani karibu kila sekunde 40 namuuliza mtu kama tuko pamoja, na kila mara darasa zima linaitikia kwa ule wimbo wao "ndiyooo madam" na mimi huyo naondoka kwa raha zangu, kama dereva wa daladala aliyegongewa bati na konda kuwa twende.

Sasa nani alikuwa pamoja na mimi? Hakuna. Hilo ndo nalotaka kusimulia.

Mi ni mwalimu wa Jiografia, shule ya kata huku mkoani Morogoro, mwaka wa sita huu kazini. Darasa ninalolisema lina watoto 74, na hilo ndo dogo. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 walimu wa sekondari za serikali mnajua mambo yalivyo, mnabanana tu, madawati mawili wanakaa watatu, wa nyuma kabisa kichwa kinagusa ukuta. Nikiwa chuo nilifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo mpaka vidole vikaota sugu, nikaenda mafunzo kwa vitendo, nikapata alama nzuri tu, lakini sikumbuki hata siku moja mtu aliyenikalisha akaniambia hebu jisikilize unavyoongea. Na kuongea ndo kazi yenyewe! Fundi seremala anajua randa yake butu au kali, sisi tunatumia koo na ulimi kutwa nzima halafu hatujawahi kuvikagua.

Kilichonisukuma nijirekodi ni testi ya mkondo B. Mada ilikuwa longitudo na saa, ile mada ambayo kila mwalimu wa Jiografia anaijua kwa machungu yake. Kwa asiyekumbuka ni hivi, dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa masaa 24, ukigawa unapata nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika nne. Ukienda mashariki unaongeza, magharibi unapunguza. Basi nikatoa swali jepesi tu, nililiona jepesi mimi: Accra, iliyo karibu kabisa na longitudo 0, ni saa sita kamili mchana, je sehemu iliyo longitudo 45 Mashariki ni saa ngapi? Nikachagua 45 makusudi manake ndo longitudo ambayo saa yetu ya Afrika Mashariki inaifuata, japo Dar yenyewe iko kwenye 39 na kitu. Arobaini na tano gawa kwa kumi na tano, tatu, ongeza masaa matatu, jibu 3:00 p.m. Kwisha.

Watoto 41 wa mkondo B wakaandika 9:00 p.m.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilisahihisha yale madaftari nikichapa makosa mekundu mpaka karatasi inachanika, najisemea hawa watoto hawasomi, hawa watoto wanashinda kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, na maneno yote yale ambayo walimu tunayasema ofisini chai ikiwa mkononi. Pale ofisini kuna mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, wikiendi ni MC wa harusi na vikao vya send-ofu, sisi tunamwita MC hata mbele ya wanafunzi. Akachukua karatasi moja, akaiangalia weee, akacheka. "Madam, arobaini na moja wamekosea jibu lile lile? Hao hawajabahatisha. Hao wamefundishwa." Nikamwambia usinitanie. Akasema, "Wewe ulisemaje darasani?" Nikajibu nilisema kawaida, kama kitabu kinavyosema. Akauliza tena, "Ndo nakuuliza, ulisemaje?" Nikagundua sikumbuki. Unajua ni ajabu, mtu umeongea dakika 40 halafu huwezi kukumbuka sentensi zako tatu.

Ndo nikaenda kwa mkuu wa shule nikamuomba ruhusa, nikamweleza ni sauti yangu tu nataka kuisikia na nitaifuta, akashangaa kidogo akakubali. Mkondo C walikuwa hawajafika mada hiyo. Nikafundisha kama nilivyofundisha B, simu ikiwa ndani ya boksi.

Na usiku ule, kwenye dakika kama ya ishirini na mbili hivi, nikakisikia. Nilisema hivi, nanukuu mwenyewe: "kumi na tano kwa arobaini na tano mara tatu, tunaongeza masaa matatu, kwa hiyo inakuwa saa tisa, tuko pamoja?" Ndiyooo madam. Halafu kinafuata kimya kidogo na mlio wa chaki, kwa, kwa, kwa. Pale nilikuwa nimegeuka naandika ubaoni 3:00 p.m. bila kusema neno, mgongo wangu wote ukiwa umeifunika ile namba. Sikio likaambiwa tisa, jicho likaonyeshwa tatu, na jicho lenyewe lilionyeshwa mgongo wa madam kwanza. Mtoto anaenda kwenye testi inayouliza kwa Kiingereza, anakumbuka madam alisema tisa, anaandika tisa. Ye ana kosa gani? Sisi Waswahili saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, ya kwenye karatasi inaanza usiku wa manane, kati ya hizo mbili kuna tofauti ya sita, na mimi nimeruka ile sita kama mtu anayeruka mfereji gizani na nyuma yangu nimewaacha watoto 74 ng'ambo.

Nililia kidogo. Sio sana.

Kesho yake nikawarudia mkondo B nikawaambia testi ile swali la nne nalifuta, kosa lilikuwa langu. Nilivyotamka hivyo darasa lilinyamaza, nadhani hawajawahi kumsikia mwalimu anasema hivyo. Wakapiga makofi, wahuni kweli.

Sasa nirudi kwenye ile rekodi kwa sababu 63 haikuwa peke yake. Nilijikuta na tabia ya kumeza neno la mwisho la sentensi. Naanza kwa nguvu, "mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi ishirini na tatu na...", halafu sauti inazama kama maji kwenye mchanga, ile nusu haisikiki. Na kwenye sentensi nyingi za somo neno la mwisho ndo lenyewe, ndo jibu! Pia nilikuwa naongea na ubao, hili walimu wote tunalo, unaandika huku unaeleza, sauti inaenda kwenye sementi inarudi kwako. Siku hizi nimejizoesha, naongea nikiwa nimewageukia, nanyamaza, naandika, nageuka, ndo naendelea. Mwanzoni unaona kama unapoteza muda lakini watoto nao wanapata nafasi ya kunakili bila kukimbizana na mdomo wangu.

Ila kubwa kuliko yote ilikuwa ni maswali. Nilikuwa nauliza swali halafu najijibu mwenyewe. Nilipima kwa saa ya simu, swali linaisha, sekunde moja, mimi huyo nishaanza kujibu au nishamtaja yule mtoto mmoja wa dawati la mbele ambaye mkono wake umeota juu hewani tangu kidato cha kwanza. Baadaye nikaja kusoma kumbe sio mimi tu, kuna mama mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alikuwa mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, miaka ya 1970 huko alikaa kusikiliza rekodi nyingi za madarasa akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu wakishauliza swali. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yakarefuka, wanaokaa kimya wakapungua, na wale wanaoitwa vilaza wakaanza kufungua midomo. Sekunde tatu tu! Nilivyosoma nikasema hiyo nayo ni mbinu, nitashindwaje.

Nilishindwa wiki nzima. Sekunde tatu za kimya mbele ya watoto 74 ni ndefu kama foleni ya mwisho wa mwezi. Unahisi wanakuona hujui somo. Unahisi mkuu wa shule anapita dirishani muda ule ule. Mdomo unawasha. Mwisho nikapata dawa yangu, nikishauliza swali nasafiri kichwani kutoka Dar narudi nyumbani: Chalinze... Mikese... Kingolwira... Msamvu. Sitaji kwa sauti, nazitaja moyoni taratibu, na mpaka nifike Msamvu stendi hairuhusiwi kufungua mdomo. Ni kama sekunde tano hivi. Walimu wa kwingine wekeni vituo vya njia zenu.

Siku ya kwanza iliyofanikiwa naikumbuka vizuri. Nikauliza kwa nini watu wa Tanga wanaliona jua linachomoza kabla ya watu wa Kigoma. Swali la kawaida, Tanga iko kwenye 39 Mashariki, Kigoma karibu 30, tofauti kama nyuzi tisa na nusu, zidisha kwa dakika nne unapata kama dakika 38. Nikanyamaza. Chalinze. Mtu akakohoa. Mikese. Yule wa mbele mkono juu, nikamwangalia nikatikisa kichwa taratibu kwamba subiri. Kingolwira. Kule dirishani kuna kijana mmoja anakaa, mrefu, mpole, toka mwaka uanze sauti yake nilikuwa naisikia kwenye kuitika majina tu. Akasimama. "Madam, kwani saa zao za mkononi hazifanani?"

Wenzake wakacheka. Mi sikucheka, maana lile ndo swali lenyewe, lile ndo tope ambalo darasa zima limekwama ndani yake na hakuna aliyekuwa amelisema. Saa zao zinafanana ndiyo, sababu nchi nzima tunatumia saa moja, ila jua halina habari na saa ya mkononi. Kama ningesubiri sekunde moja kama zamani yule kijana angebaki na swali lake mpaka mtihani wa taifa. Tulikaa kwenye lile swali kipindi kizima, andalio langu la somo likaharibika kabisa, na sijali.

Hapa sasa niseme la sauti, sababu najua walimu wa kike wengi mnasumbuliwa nalo. Mi sauti yangu ni nyembamba, Mungu kanipa hivyo. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mgeni mmoja kuangalia vipindi, akakaa nyuma dakika kumi, akaandika kwenye fomu yake kwamba mwalimu aongeze sauti, akasaini, akaondoka. Aongeze vipi? Hakusema. Basi nikaongeza kwa njia pekee niliyoijua, nikawa napiga kelele. Vipindi sita kwa siku, napiga kelele. Mwezi wa pili mwaka uliofuata nikaamka asubuhi nataka kumwamsha mwanangu, mdomo unafunguka hakitoki kitu, upepo tu.

Mtaani kila mtu ni daktari. Nikapewa tangawizi, limau, asali, karafuu za kutafuna, jirani yangu mmoja akaniletea na mafuta ya kondoo. Nikavitumia vyote. Siku ya tisa nikaenda hospitali kliniki ya masikio, pua na koo, na yule daktari kijana tu alinifundisha kwa dakika kumi na tano kuliko chuo miaka yote. Akanichorea kwenye karatasi nyuma ya cheti. Kwamba kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa, na nyuzi za sauti zimekaa kwenye njia ya hewa, kwa hiyo ile asali niliyokuwa nalamba haizigusi hata kidogo, inapita njia nyingine. Inatuliza koo ndiyo, lakini nyuzi zenyewe zinapata unyevu mtu anapokunywa maji ya kutosha kutwa nzima, sio glasi moja kipindi cha nne koo likishakauka. Kwamba hizo nyuzi mwanamke akiongea zinagongana kama mara mia mbili kwa sekunde moja, hebu piga hesabu ya vipindi sita. Kwamba kule kukohoa kohoa "ehem ehem" tunakofanya kusafisha koo ni kama kuzipiga makofi. Na la kunishangaza zaidi, akanikataza kunong'ona! Mi siku tisa zote nilikuwa nanong'ona nikijua nalipumzisha koo kumbe kunong'ona kwa kulazimisha nako kunachosha. Akasema ukiweza nyamaza, ukishindwa ongea kwa sauti ya kawaida ya chini.

Mume wangu aliifurahia sana ile wiki, nayo niiseme.

Ila daktari hakunifundisha namna ya kusikika, aliyenifundisha ni MC. Jumamosi moja nikaenda kwenye harusi aliyokuwa anaendesha nikamwangalia kazi yake badala ya kula. Ukumbi una watu wanaongea, vyombo vinagongana, watoto wanakimbia. Nikategemea ataongeza sauti. Hakuongeza. Alisimama sehemu moja, miguu haichezi, akavuta pumzi mpaka tumbo likatoka, halafu akaanza kwa sauti ya CHINI kuliko ya watu. Meza za mbele zikanyamaza ili zisikie, za katikati zikaona za mbele zimenyamaza nazo zikanyamaza, ukimya ukatembea mpaka mlangoni. Jumatatu akanielekeza ofisini. Kwanza pumzi, ivutie tumboni, mabega yasipande. Pili usitembee huku unasema jambo zito, tembea, simama, sema. Tatu, ongea na dawati la mwisho, sio kwa kelele, kwa macho tu, mtazame yule aliyeegemea ukuta umwambie yeye, sauti itajipanga yenyewe.

La tatu nilidhani ni maneno ya MC tu, nikaenda kulijaribu nyumbani. Jioni nikamsimamisha mume wangu kule nyuma karibu na banda la kuku, mi nikasimama mlango wa jikoni, nasoma aya kutoka kitabu cha kidato cha tatu kuhusu mmomonyoko wa udongo, na yeye kazi yake ilikuwa moja tu, kila sentensi ikiisha anirudishie neno la mwisho. Kama hakulisikia ananyoosha mkono. Siku ya kwanza mkono ulishinda juu. Majirani wakachungulia. Tukarudia jioni nne tano hivi, hata kuku wakazoea, na mkono ukawa unapanda mara moja moja. Siongei kwa nguvu zaidi kuliko zamani, naapa, ila zile silabi za mwisho sasa nazifikisha mpaka nyumbani kwao badala ya kuzitupa njiani.

Mvua sijapata dawa yake. Madarasa yetu hayana dari, bati tupu, na mvua za Morogoro za mwezi wa nne mnazijua. Hapo hata MC na spika zake hasikiki. Nimeacha kushindana nayo, nina kazi nimeziandaa pembeni kwa ajili ya mvua, ramani za kuchora, maswali ya jozi jozi, mvua ikianza naandika ubaoni namba ya kazi tu na wanajua. Koo langu silitoi sadaka kwa bati.

Nimesahau kusema kuhusu Nyerere. MC ndo aliniambia, kamsikilize Mwalimu kama mwalimu mwenzio. Manake tunasahau jamaa alikuwa wa kazi hii hii yetu, alifundisha Tabora St. Mary's, akafundisha Pugu, mpaka mwaka 1955 ndo akaacha kazi akaingia siasa moja kwa moja. Nikatafuta ile hotuba ya Mei Mosi 1995 aliyoitoa Mbeya, wengi mshaisikia vipande vipande. Sikiliza safari hii bila kufuata siasa, fuata zile nafasi. Anasema jambo, anaacha. Anauliza uwanja mzima swali kama anauliza darasa, anaacha watu wahangaike nalo kidogo, anacheka kidogo, ndo anarudi. Na anarudia sentensi, ile ile, mara mbili, bila haraka. Nawajua watu kibao wanaoigiza kicheko chake na namna ya kutamka, mpaka kwenye sherehe wanapata hela, lakini sijaona anayeigiza vile alivyokuwa ananyamaza.

Sasa msidhani nimekuwa bingwa. Mwaka jana kwenye kikao cha MEWAKA, yale mafunzo yetu ya walimu kazini, nikapewa dakika ishirini niwaonyeshe wenzangu haya mambo ya kusubiri baada ya swali. Kuongea mbele ya watoto na kuongea mbele ya walimu wenzio ni vitu viwili tofauti kabisa, mtoto hajui ulichosahau, mwalimu mwenzio anakusubiri ukisahau. Nikaogopa, na kwa uoga nikatengeneza slaidi 22. Ishirini na mbili! Nikawa nazisoma moja moja nimeugeukia ukuta, yaani ule ubao niliouacha darasani nikauchukua tena kwa jina la projekta. Slaidi ya saba umeme ukakatika. Najua mnategemea niseme hapo ndo nikaongea kutoka moyoni wote wakainuka na makofi. Hamna. Nilisimama pale sina hata sentensi moja kichwani kwa sababu zote nilikuwa nimeziweka kwenye kompyuta, nikasema "sawa, tuko pamoja?", na MC kule nyuma akajibu kwa sauti ya kitoto "ndiyooo madam". Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Nilimaliza dakika nane kabla ya muda na sijui nilisema nini.

Nikipewa tena nafasi nafanya kama hivi, na mwezi wa tatu nilipewa kwenye kikao cha wazazi ikaenda vizuri kiasi. Sentensi ya kwanza naijua kwa moyo neno kwa neno, sababu sekunde zile za mwanzo moyo unadunda na akili haipo, kwa hiyo mdomo uwe unajiendea wenyewe. Sentensi ya mwisho nayo naijua, ili nisizungukezunguke kama ndege aliyekosa tawi. Katikati nina kipande cha manila saizi ya kiganja chenye maneno matatu manne makubwa, sio sentensi, maneno. Basi. Na nafika mapema nasimama pale mbele chumba kikiwa kitupu, nalizoea lile eneo, naangalia yule wa mwisho atakaa wapi.

Kuhusu lugha sitaki kuingia kwenye ule mjadala wa Kiswahili au Kiingereza sekondari, tutagombana hapa mpaka kesho. Mtihani unakuja kwa Kiingereza na mtoto wangu katoka msingi kasoma kwa Kiswahili, hiyo ndo hali niliyonayo saa mbili asubuhi nikiingia darasani. Nilichobadilisha ni kidogo tu, siichanganyi tena sentensi moja lugha mbili. Naeleza Kiswahili mpaka mwisho, nasimama, navuta pumzi, halafu naisema upya Kiingereza mpaka mwisho, taratibu. Na kwenye saa nimechora ubaoni duara mbili, saa yetu na saa yao, kila mtoto anaijua ile "toa sita au ongeza sita" kabla hata sijataja longitudo.

Wiki iliyopita nikajirekodi tena, ni mara ya nne hii. Tuko pamoja 11. Mbili kati ya hizo nilikuwa namuuliza mtoto aliyesinzia kwa hiyo sizihesabu, ila MC kasema zihesabiwe. Na mkondo B nikawapa swali ndugu wa lile la zamani, Accra ni 2:00 p.m., longitudo 45 Mashariki ni saa ngapi. Jibu 5:00 p.m. Wengi wamepata, ila kuna tisa wameandika 11:00 p.m., ile saa kumi na moja yetu imerudi kwa mlango wa nyuma. Nimewaita Jumatano baada ya vipindi hao tisa. Boksi la chaki nakwenda nalo na simu ndani, wamekubali, ila safari hii mi nakaa dawati la mwisho kule ukutani, waelezane wao kwa wao, nisikie wenyewe wanasemaje.